Jumbo zinaisha angani: sisi wa Mombasa tunapoteza nini hasa?

Mwana wa Magongo

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote.

Nimezaliwa na kukulia Magongo, nyumba ambayo ndege ikipita chini, vikombe vinagongana kabatini. Babangu alikuwa mpakiaji mizigo uwanja wa ndege, enzi ambazo wazee walikuwa wakiuita Port Reitz tu. Mwishoni mwa miaka ya 80, msimu wa watalii ukifika, alikuwa akinipakia kwenye baiskeli alfajiri mpaka kwenye seng'enge ya uwanja. Tunasimama. Kwa mbali unaona taa, hazisogei, kama zimetundikwa. Mara ghafla ni ndege, ya Wajerumani, injini tatu: mbili chini ya mabawa na moja imekaa juu mkiani. Magurudumu yanagusa lami, moshi mweupe unaruka, na mlio unakuja baadaye, umechelewa, unakupiga kifuani. Baba ananiambia, "Hiyo imebeba mtaa mzima."

Tangu siku hizo mapenzi yangu ni ndege kubwa. Nimezifuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira. Na sasa naziona zinaondoka moja moja, nami roho inauma.

Tuchukue Boeing 747, jumbo yenyewe. Pan Am, shirika la ndege la Marekani, waliagiza 25 mwaka 1966 kabla hata ya moja kutengenezwa. Iliruka mara ya kwanza Februari 1969, ikaanza kubeba abiria New York hadi London Januari 1970. Zimetengenezwa 1,574 kwa zaidi ya miaka 50. Ya mwisho ya abiria kwa shirika la ndege ilikwenda Korean Air mwaka 2017, na ya mwisho kabisa, ambayo ni ya mizigo, walikabidhiwa Atlas Air Januari 31, 2023. Kiwanda cha Boeing kule Everett, Marekani, kikafunga ukurasa.

Airbus A380 ndiyo inayoniuma zaidi. Ghorofa mbili kutoka puani hadi mkiani, mabawa ya karibu mita 80 kutoka ncha hadi ncha, uzito wa kuruka hadi tani 575. Imeidhinishwa kubeba hata watu 853, ingawa hakuna shirika lililojaza viti vyote hivyo. Singapore Airlines walianza nayo Oktoba 2007. Februari 2019 Airbus wakatangaza kwamba hawatatengeneza tena, na ya mwisho wakapewa Emirates Desemba 2021. Jumla 251 tu, na kati ya hizo 123 ni za Emirates peke yao. Yaani karibu nusu ya ndege hizi duniani zilinunuliwa na mteja mmoja. Mbili kati ya zile za kwanza kabisa zilikatwa vyuma kule Tarbes, Ufaransa, zikiwa na umri wa kama miaka kumi. Ndege ya miaka kumi! Kuna matatu hapa Changamwe zina umri mara mbili ya huo na bado zinabeba watu.

Swali langu: nini kimeziua? Na sisi huku Pwani kuna kitu tunapoteza, au ni mapenzi yangu tu ya utotoni?

Fundi wa Chaani

Mwana wa Magongo, umenigusa. Nimefanya ufundi wa ndege miaka 22, kwa hiyo hili nitalieleza kwa urefu, nivumilieni.

Ile injini ya tatu mkiani uliyoiona na mzee wako ndiyo ufunguo wa mada nzima. Zamani sheria za Marekani zilikataza ndege ya abiria ya injini mbili kupita mahali ambapo, injini moja ikizima, ingehitaji zaidi ya dakika 60 kufika uwanja wa karibu. Sheria hiyo ilitungwa miaka ya 50, wakati injini za pistoni zilikuwa zikizima ovyo. Ndege za injini tatu ziliondolewa kwenye katazo hilo mwaka 1964. Hiyo ni moja ya sababu tukapata DC-10 na TriStar, zenye ile moja mkiani. Ukitaka kuvuka bahari au jangwa bila kuzungukazunguka, ilikubidi uwe na injini tatu au nne. Na ukishalipia injini nne, unatengeneza ndege kubwa ili gharama igawanywe kwa watu wengi.

Halafu injini zikawa za kuaminika. Mwaka 1985 TWA, shirika la Marekani, walipewa ruhusa ya dakika 120 kwa Boeing 767 yao ya injini mbili. Baadaye zikaja 180. Leo Airbus A350, nayo ya injini mbili, imeidhinishwa hadi dakika 370. Hapo ujue bahari zote zimefunguka. Hakuna tena njia ambayo ni ya injini nne peke yake.

Upande wa pili ni nguvu. Injini za 747 za kwanza zilikuwa na msukumo wa kama ratili 43,500 kila moja. Injini ya 777-300ER ina ratili 115,000, na feni yake ni zaidi ya mita 3 kwa upana. Mimi nimesimama ndani ya mdomo wa injini hiyo wakati wa ukaguzi, nikanyoosha mkono juu, sikugusa kitu. Unapita blade, yaani panga la feni, moja moja kwa kidole, taratibu, unatafuta mchubuko wa jiwe au ndege wa angani. Blade zake ni 22. Ukimaliza unahamia ya pili, na kazi imekwisha. Kwa ndege ya injini nne unarudi tena, na tena. Kila injini ina mafuta yake ya kulainisha, pampu zake, vichujio vyake, siku zake za kushushwa na kupelekwa karakana. Mwenye shirika anailipia hiyo yote.

Kuhusu A380, nayo ilizaliwa na mzigo wa pekee. Bawa lake lilichorwa likubali ndugu yake mkubwa zaidi, ambaye hakutengenezwa kamwe. Kwa hiyo maisha yake yote ilikuwa ikibeba bawa la mtu mwingine, na uzito huo ni mafuta kila safari.

Kisauni Juu

Mimi si mtaalamu. Nilipanda 747 mara moja tu, Nairobi kwenda London, ile ya British Airways. Kiti changu kilikuwa nyuma kabisa karibu na choo. Wakati wa kuruka ilikimbia, ikakimbia, nikadhani haitaki kuondoka chini, kisha ikainuka polepole bila kutikisika. Sijapata tena utulivu ule kwenye ndege nyingine yoyote. Waliziondoa mwaka 2020 wakati wa korona, nami niliumia kama nimesikia msiba wa jirani. Hayo tu.

Bi Mtwapa

Nimesoma kwa makini. Mwana wa Magongo, kaka yangu, huzuni yako naiheshimu, lakini kwenye swali lako la mwisho mimi naona tofauti, na nasema kama mtu ambaye kazi yangu ni kupokea wageni na kuwagawa mahotelini kuanzia Nyali mpaka Diani kwa miaka mingi sasa.

Jumbo haikutengenezwa kwa ajili ya miji kama wetu.

Nenda Mwembe Tayari mchana wa Jumanne, siku ambayo hakuna sikukuu. Basi la viti 50 limesimama, makondakta wanaita mpaka sauti zinakauka, abiria waliopanda mapema wanajipepea kwa gazeti. Pembeni Nissan ya viti 14 imejaa, imeondoka, na nyingine imeingia. Wenye basi wamefanya hesabu ya siku ya Idi na Krismasi, lakini mafuta wanayachoma mwaka mzima. Sasa zidisha mara kumi. Ili ulete A380 Mombasa, inabidi upate watu 500 katika mji mmoja wa Ulaya wanaotaka kuja kwetu siku moja, saa moja, kisha uwapate wengine 500 wa kurudi, na wiki ijayo uanze upya. Hata Agosti na Desemba hatuwezi. Mei, mvua ya masika ikinyesha na hoteli zimefungwa nusu, ndiyo usiseme.

Kwa hiyo jumbo ilifaa pale ambapo watu wanakusanywa kwanza: London, Dubai, Singapore, Frankfurt. Sisi tukawa watu wa mwisho wa mkia. Mgeni anasafirishwa na jumbo mpaka mji mkubwa, anashushwa, anasubiri, anapandishwa ndege nyingine mpaka Nairobi, anasubiri tena, ndipo aje kwetu. Nina mzee na mkewe, wameoana miaka 40, walikuwa wakija kila mwaka. Safari yao ya mwisho ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikawaacha, wakalala kwenye viti vya uwanja mmoja ambao sitautaja, na begi lenye dawa za moyo likaenda nchi nyingine. Nilipowapokea saa tisa usiku, yule bibi alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka alama za vidole zikabaki. Hawakurudi tena. Si kwamba hawakuipenda Mombasa. Ni njia ndiyo iliyowashinda.

Mimi nikisikia ndege ya injini mbili, ya watu 250, inaweza kutoka mbali na kutua hapa moja kwa moja bila kumshusha mtu njiani, nashukuru Mungu. Aliyeua jumbo ndiye huyo huyo anayeweza kutuletea wageni mlangoni.

Kipevu Gati

Mjadala mzuri sana huu. Mimi niko bandarini, na kuna jambo hunishangaza kila nikiziangalia ndege zikipita juu ya kreni zetu.

Baharini mambo yamekwenda kinyume. Miaka ya 90 meli kubwa ya kontena ilibeba kama 6,000 za futi 20. Leo kubwa kabisa duniani zinabeba 24,000. Hizo hazifiki Kilindini, lakini hata za kwetu zimekua, ndiyo maana mlango wa bandari ukachimbwa na gati jipya la kontena la Kipevu likafunguliwa 2016. Kila mwaka tunaambiwa jiandaeni, inakuja kubwa zaidi. Na huko juu wao wanapunguza! Kwa nini chuma kikubwa kinalipa majini na hakilipi angani?

Nimewaza, na jibu langu ni hili. Kontena halina njaa, halina kikao saa nne asubuhi, halina mtoto wa kunyonyesha. Likikaa bandari ya Salalah kule Oman siku tano kusubiri meli ya kuunganisha, halilalamiki. Ukilikusanya na wenzake elfu ishirini, linakubali. Mtu hakubali. Mtu anataka kuondoka leo jioni na kushuka pale anapokwenda. Ukimpa nafasi ya kuchagua kati ya ndege kubwa moja kwa siku na ndogo tatu za saa tofauti, atachagua tatu.

Fundi wa Chaani unirekebishe kama nimekosea.

Fundi wa Chaani

Hujakosea, ndugu yangu wa Kipevu. Nitaongeza moja. Meli ikirefuka, maji yanaibeba bure. Ndege ikiongezeka uzito, bawa lazima liongezeke, na bawa lina mpaka: viwanja vikubwa vya dunia vimepangwa ndege isizidi mraba wa mita 80 kwa 80. A380 iliutumia mpaka huo wote kwa upana, karibu kugusa. Ndiyo maana ni fupi na nene, mita 72.7 tu kwa urefu, wakati 747-8 ina zaidi ya mita 76. Na kila uwanja unaoipokea hulazimika kupanua njia, kusogeza taa, kujenga madaraja ya kupandia ghorofa ya juu. Ikiruka, hewa inayoachwa nyuma yake inavurugika sana, hivyo waongoza ndege humwacha anayefuata mbali zaidi kuliko kawaida.

Angalieni Boeing walivyojifunza. 777X mpya ina bawa la karibu mita 72, lakini ikishatua ncha zake zinakunjwa juu, inabaki chini ya mita 65, iweze kuegesha pale pale ilipoegesha 777 ya zamani. Hakuna uwanja unaoombwa kubomoa ukuta.

Mwana wa Magongo

Bi Mtwapa, dada, nimesoma habari ya yule bibi mara mbili. Sikuwahi kuliangalia jambo hili kutoka upande wa anayesubiri kwenye viti. Mimi nilikuwa upande wa seng'enge siku zote.

Lakini nikuulize: zile ndege za Wajerumani za miaka ya 80 si zilikuwa kubwa, na si zilikuja hapa moja kwa moja?

Bi Mtwapa

Zilikuja, ndiyo. Lakini zilikuwa za kukodi. Kampuni ya utalii ilikwisha kuuza viti na vyumba pamoja kabla ndege haijawashwa, ndiyo maana zilijaa. Mgeni alinunua wiki mbili za Mombasa kama anavyonunua sanduku lililofungwa. Leo anafungua simu yake, anachagua siku, anachagua hoteli, anataka kuja Jumanne na kurudi Jumatatu. Biashara ya kujaza ndege nzima kwa mkupuo imepungua sana, haikutungojea.

Halafu hata zile hazikuwa jumbo za ghorofa. Muulize mzee wako, atakuambia zilibeba wangapi.

Nilikuwa Dubai

Niruhusuni niwaelezee A380 kwa ndani, maana nimezisafisha miaka minne. Nilikuwa kwenye kikosi cha usafi, zamu ya usiku, na wengi wetu tulikuwa watoto wa Pwani, Uganda na Nepal.

Ndege ikiingia, unaiona pua kwanza, kama kichwa cha nyangumi kinachotokea gizani chini ya taa za njano. Madaraja yanaunganishwa, moja mpaka ghorofa ya juu, abiria wanatoka, wanatoka, wanatoka. Unasubiri ukutani na mifuko yako, unadhani sasa wameisha, kumbe bado. Tulikuwa zaidi ya watu 30 kwa ndege moja, na bado msimamizi anashika saa. Kila mtu ana safu zake. Mimi nilikuwa chini, nyuma. Unakunja blanketi, unapitisha mkono kwenye mfuko wa kila kiti: maganda ya machungwa, soksi ya mtoto, tasbihi, siku moja picha ya pasipoti ya mwanamume aliyevaa tai. Juu mbele kuna bafu mbili za abiria wa daraja la kwanza. Nilipangiwa huko mara chache. Unakausha ukuta wa bafu mpaka usione tone, na wakati huo chini yako kuna watu wa daraja la kawaida 400 na zaidi wanaojiandaa kuingia, na wewe uko kilomita nyingi kutoka kwenu Bamburi.

Nasema haya kwa sababu watu husema "ndege haijazwi". Pale ilijazwa. Dubai inakusanya watu wa Lahore, Manchester, Nairobi, Manila, wote usiku mmoja, na nafasi za kutua London ni chache, kwa hiyo ukipewa nafasi moja unapeleka ndege kubwa. Kwa mtu wa namna hiyo A380 ni sahihi. Tatizo ni kwamba mashirika ya namna hiyo duniani ni ya kuhesabu vidoleni.

Machi 2020 zilisimama zote. Kutoka kwenye basi la wafanyakazi niliziona zimepangwa safu kwa safu, injini zimefunikwa, vumbi la jangwa limekaa juu ya mabawa. Mwezi uliofuata mkataba wangu ulikatika nikarudi nyumbani. Sikuwahi kulia kwa ajili ya mashine, lakini siku ile ndani ya basi nilinyamaza, na wenzangu wote walinyamaza.

Mwanafunzi wa Tudor

Shikamooni wakubwa zangu. Nasomea uhandisi wa mitambo. Nilitaka kuuliza, mbona tena zinarudi? Lufthansa walizirudisha A380 zao mwaka 2023, Etihad pia, na Emirates walizisimamisha kwa muda tu. Si inaonyesha waliziua mapema?

Fundi wa Chaani

Marahaba, mwanangu. Swali zuri.

Zimerudi kwa sababu ya uhaba. Watu walirudi kusafiri kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, na 777X, iliyoruka mara ya kwanza Januari 2020, imecheleweshwa mwaka baada ya mwaka. Shirika lenye abiria na lisilo na ndege mpya linafungua ghala na kutoa ile iliyopo. Lakini angalia: hakuna aliyekwenda Airbus kusema mnitengenezee nyingine. Air France waliziacha moja kwa moja mwaka 2020, hawakugeuka. Kuitumia ndege uliyokwisha kuilipia ni hesabu moja, kuiagiza mpya ni hesabu nyingine kabisa.

Na jambo jingine ambalo vijana hamlisikii sana. Ndege ikizeeka kwenye abiria, kwa kawaida hupata maisha ya pili kwenye mizigo. 747 ilibarikiwa hapo. Walipoichora walikiweka chumba cha rubani juu, ndiyo lile nundu, ili pua iweze kufunguka na mzigo mrefu uingie moja kwa moja. Wakati huo walidhani ndege za kasi kuliko sauti zitachukua abiria wote, na jumbo itabaki ya mizigo. Mpaka leo 747 zinatua Nairobi kuchukua maua. A380 haina bahati hiyo. Toleo la mizigo lilifutwa kabla halijazaliwa. Ghorofa ya juu huwezi kuipakia kirahisi, na tumbo lake likishabeba mabegi ya abiria wote wale, nafasi ya mzigo wa kulipiwa inakuwa ndogo kuliko ya 777-300ER. Kwa hiyo ikitoka kwa mwenyewe wa kwanza, mnunuzi wa pili hayupo, na hapo ndipo msumeno unapoingia.

Bi Mtwapa

Sasa turudi nyumbani, maana naogopa uzi utaishia Dubai na Toulouse kwa Airbus.

Angalieni yaliyotokea kwetu. Julai 2021, katikati ya korona, kampuni mpya ya Wajerumani, Eurowings Discover, ilipofanya safari yake ya kwanza kabisa tangu izaliwe, ilitoka Frankfurt ikaja Mombasa, kisha ikaendelea Zanzibar. A330, injini mbili. Januari 2024 flydubai wakaanza kuja kutoka Dubai kwa Boeing 737, ndege ya njia moja katikati, viti vitatu kushoto na vitatu kulia. Miaka thelathini iliyopita nani angefikiri kimo hicho cha ndege kitaletea Mombasa watu kutoka Ghuba bila kupita Nairobi?

Hata Nairobi yenyewe. Kenya Airways walipoanza New York moja kwa moja Oktoba 2018, walitumia Boeing 787 ya viti 234. Kwa 747 wasingethubutu.

Na sasa kuna A321XLR, nyembamba kama hiyo ya flydubai, Iberia, shirika la Hispania, wameanza nayo mwishoni mwa 2024 kuvuka Atlantiki. Airbus wanasema inafika kilomita 8,700. Mombasa mpaka Frankfurt ni kama 6,700. Hata ukitoa akiba na upepo wa mbele, hesabu inakaribia kabisa. Watu 180 au 200. Wageni 200 mimi nawapata, hata mwezi wa sita. Wape wenye hoteli za Watamu ndege kama hiyo kutoka Milano mara mbili kwa wiki, uone kama hawatafungua vyumba walivyofunga.

Kinachotuzuia sasa si ukubwa wa ndege. Ni ruhusa, ni ada, ni mtu wa kwenda kukaa na mashirika hayo na kuwashawishi. Wenye hoteli wa Pwani wamelilia anga kufunguliwa, mashirika ya nje yatue hapa moja kwa moja, miaka na miaka. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba shirika la taifa litaumizwa, na si hoja ya kudharau, ni ajira za Wakenya. Lakini mgeni anayepoteza siku nzima njiani hatungoji tumalize kubishana. Anashuka Zanzibar.

Kipevu Gati

Hapo kwenye Zanzibar umepiga msumari. Na uwanja wetu haujapungukiwa. Njia yetu ya kurukia ina mita 3,350, na tuko karibu na usawa wa bahari.

Fundi wa Chaani

Hilo la usawa wa bahari watu hawalipi uzito wake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu. Hewa ni nyepesi, injini inapumua kwa shida na bawa linabebwa kidogo, kwa hiyo ndege inayoondoka na mafuta ya safari ndefu mara nyingine inaacha mzigo chini. Mombasa joto lipo, lakini hewa ni nzito. Ndege ile ile inaweza kuondoka hapa ikiwa imebeba zaidi. Tumepewa zawadi hiyo na Mungu, iko pale Port Reitz.

Mwana wa Magongo

Ndugu zangu, jana baada ya Isha nilimsomea babangu uzi huu wote, mwanzo mpaka mwisho. Ana miaka 78, macho yamepungua lakini masikio yapo.

Alinisahihisha mambo mawili. Kwanza, anasema zile za injini tatu zilikuwa na makasha ya mabegi tumboni, lakini nyuma kabisa kulikuwa na chumba ambacho begi linaingizwa moja moja kwa mkono, umepiga magoti, joto kama la tanuri, na ndipo mgongo wake ulipoharibikia. Pili, anasema hakusema "mtaa mzima". Alisema "kijiji kizima". Nimekubali.

Nilipofika pale Fundi alipoeleza kuhusu dakika 60 na 370, alinisimamisha. Akauliza hii ya Wajerumani ya siku hizi ina injini ngapi. Nikamwambia mbili. Akauliza, "Na jangwa la Sudani inalivuka?" Nikamwambia uwezo wa kulivuka inao, bila wasiwasi. Alinyamaza kitambo, anasugua goti.

Kisha akaniuliza inatua saa ngapi.

Nimepata gari la rafiki yangu kwa Jumamosi. Baiskeli hawezi tena. Nataka nimsimamishe pale pale kwenye seng'enge, pamoja na binti yangu wa miaka sita, ambaye hajawahi kuiona ndege ikigusa lami. Fundi wa Chaani, shekhe wangu, kama unajua upande ambao ua haujazibwa na maduka, niandikie.

Fundi wa Chaani

Nenda upande wa kushoto wa barabara, kabla hujafika lango la mizigo, kuna mwarobaini mkubwa. Chini yake ua uko wazi. Mwambie mzee nitakuwepo na chai.